Risasi za Mjomba Arvid

Roundup, Montana
9 Machi 1986

Mjomba Arvid,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Scobey imeanza kuyahurumia magoti yako. Sisi huku hatujambo. Theluji inayeyuka, na matope yananifuata hadi jikoni pale shuleni ninapopika.

Nina jambo la kukuuliza. Klabu ya shabaha ya hapa imenipokea, mwanamke peke yangu kati ya wanaume. Nataka rivolva, bastola ya silinda, kubwa ya kupigia shabaha, tena nijifunze kushindilia risasi mwenyewe kama wewe, kutia baruti na kichwa kwenye ganda. Jumamosi nilikwenda dukani. Muuzaji akanitolea moja nyepesi, mtutu mfupi, akasema, "Hii ndiyo saizi ya mama." Wanaume waliokuwapo wakacheka. Nikacheka nao, Mjomba, kisha nikaona haya njia nzima ya kurudi nyumbani.

Marehemu mama alikuwa akisema hakuna anayeijua bastola kumshinda kaka yake. Nichague ipi?

Mpwa wako,
Berni


Scobey
17 Machi

Mpwa wangu Berni,

Marahaba. Magoti yapo, yanalalamika kama kawaida yake. Nimefurahi mno kupata barua yako hata nimeisoma kwa sauti, na hapa hakuna wa kunisikiliza ila paka.

Mwambie huyo muuzaji aipige hiyo nyepesi yake mara hamsini mfululizo, halafu aje akuonyeshe kiganja. Nyepesi ni ya mtu wa kuibeba kutwa kiunoni. Wewe unapiga shabaha, hivyo uzito ni rafiki yako: ndio unaomeza teke la bastola. Chukua ya kipimo cha arobaini na nne, chuma kitupu, mtutu mrefu, yenye kilengeo cha kurekebisha. Mpini uujaze mkono wako, usiupite. Usivutwe na zile kubwa zaidi wanazonunua watu ili waonekane. Uzuri wa kushindilia mwenyewe ni kwamba bastola kubwa unailisha baruti kidogo, ikapiga kwa upole, na tundu likakaa pale pale ulipolenga.

Mashine ya kushindilia usiiharakishe. Nitakutumia boksi za risasi nilizoshindilia mimi, uanze nazo. Binti wa dada yangu hawezi kuanza na risasi za watu nisiowajua.

Mjomba wako,
Arvid


Roundup
4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mzigo umefika salama. Kila risasi inang'aa kama kijiko cha harusi.

Nimenunua kama ulivyosema. Muuzaji alinikatalia kidogo, nami safari hii sikucheka. Jumamosi nilipiga risasi zako. Elroy Maddock, mzee anayesimama kando yangu kwenye mstari, akachungulia kwa darubini yake, akauliza nani kanishindilia. Nikamwambia ni mjomba wangu. Basi wote wakataka kujua habari zako, nami nikakusifu hadi koo likakauka. Mashine yangu ingali kwenye katoni, nitaifungua kiangazi.

Mpwa wako,
Berni


Roundup
30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, unisamehe mwandiko.

Jumamosi rivolva ilipasuka. Silinda ilifunguka upande mmoja na bamba la juu likang'oka. Mkono wangu wa kulia umeshonwa, daktari anasema vidole vitarudi. Mzee Elroy alipigwa na kipande cha chuma chini ya jicho. Jicho limesalimika, lakini alitoka damu nyingi, na mkewe alikuwa pale akiona.

Ni baruti iliyoingia mara mbili kwenye ganda moja. Nilikuwa nimeanza kushindilia mwenyewe, nikafanya haraka. Kosa ni langu. Nimewaambia hivyo klabuni, na wameniomba nisirudi.

Nisamehe kwa kukuaibisha.

Berni


Scobey
8 Julai

Bernadine,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara nimetumaini kuwa nimeisoma vibaya.

Nilikuambia usiiharakishe mashine. Baruti kidogo haijazi ganda. Hata ikiingia mara mbili haifuriki, hivyo haitakuonya. Ndiyo maana mtu huyapanga maganda yote wima, akamulika taa, akachungulia moja moja kabla ya kuweka vichwa. Mtoto anaweza. Wewe hukuweza, na mzee wa watu nusura apoteze jicho.

Nimewaandikia wanaklabu wenzako kuwaomba radhi kwa niaba ya ukoo wetu. Nimewaambia kuwa hukufundishwa hivyo. Namshukuru Mungu mama yako hakuliona hili.

Mashine iuze.

Arvid


Roundup
12 Oktoba

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa kimya kiangazi chote, na ningeendelea kukaa kimya hadi kaburini. Lakini jana mke wa rafiki yako Gus Tveit alinipigia simu kunijulia hali. Katika mazungumzo akasema umemshindilia Gus boksi kadhaa, na kwamba Jumapili atakwenda kupiga pamoja na wajukuu zake.

Mjomba, mashine yangu ingali kwenye katoni. Sijawahi kushindilia hata risasi moja. Ile iliyopasuka ilikuwa yako.

Nilijua pale pale, damu ikinichuruzika. Elroy alipouliza, "Hizi ni za yule mjomba?" mdomo wangu ukasema ni zangu. Sikupanga. Nilikuwa nimekusifu mno mbele yao, sikuweza kukuangusha. Kisha barua yako ikaja, nami nikaona ni afadhali unidharau mimi kuliko ujidharau wewe. Nikadhani huo ni upendo. Risasi zako nilizobakiwa nazo nilizifungia, na sikuwaza kwamba mikono ile ile bado inawashindilia watu wengine. Nilipaswa kuwaza. Hapo sina udhuru.

Nimempigia Gus na kumwambia asiguse hata moja. Ilibidi nimwambie sababu. Najua ni vibaya mtu mwingine kusikia kabla yako, ila barua ingechelewa, na kukwambia kwa simu nilishindwa. Nilinyanyua mkono wa simu, nikaurudisha.

Mpwa wako,
Berni


Roundup, nyumba ya wageni
24 Oktoba

Berni,

Ndiyo, ni Roundup. Niko mtaa wa pili kutoka kwako.

Barua yako ilinifika siku moja na Gus. Alikuja na boksi zake mkononi, akaziweka mezani. Tulizifungua pamoja kwa koleo, kichwa kimoja kimoja. Tukaipata nyingine yenye baruti mara mbili. Gus aliiona. Mimi nilikuwa nimeimulika taa, nikaitazama, nikaiweka upande wa zile nzuri. Akanishika mkono akaniambia, "Arvid, huoni." Mwaka mzima nilikuwa najiambia kwamba ni taa ndiyo mbovu.

Asubuhi Gus akanileta kwa gari lake. Tumetoka kwa Elroy Maddock. Nina haya ya kutazama kovu lile, lakini nilikaa mbele yake nikalitazama. Nimemwambia ni mimi. Kesho asubuhi atawaambia wanaklabu, nami nitasimama hapo hapo wanisikie.

Kisha tukaja kwako. Nilikuona dirishani ukimenya viazi kwa mkono wa kushoto. Barua yangu ya Julai haikukuuliza hata kidogo kuhusu mkono huo. Nikamwambia Gus ageuze gari.

Gus ataitia barua hii kwenye sanduku lako la barua. Kesho baada ya klabu nitakuwa kwenye mgahawa wa chini hapa hadi saa sita mchana. Usipokuja nitaelewa.

Arvid


Roundup
25 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo.

Nilifika mapema. Mhudumu akasema wazee wawili walikaa meza ya pembeni, mmoja akitazama mlango kila unapofunguka, kisha akainuka ghafla akamwambia mwenzake waondoke, hataweza. Kahawa yako ulikuwa hujaimaliza. Nimekaa kwenye kiti chako nikaandika haya.

Elroy amepita hapa. Anasema ulipomaliza kuzungumza klabuni ulisahau kofia. Kaniachia mimi.

Umeniomba nije nami nimekuja, umekimbia. Hata mimi nilikukimbia, Mjomba, kiangazi kizima, nikajipa sifa kwa kukimbia kwangu. Tusiendelee hivi. Mkono unapona, ingawa kidole kidogo hakikunji. Nimejibu, ijapokuwa hukuuliza.

Jumamosi naja Scobey na kofia yako. Usinipikie, usipange la kusema. Fungua mlango tu.

Mwanao,
Berni