Kapilari, Si Kapirali

Jumatatu, 2 Juni
Marudio ya damu, siku ya tatu. Chembe nyekundu hubeba oksijeni. Nyeupe hupigana na vijidudu. Chembe sahani hugandisha damu. Plazma ndiyo maji yanayozibeba zote. Haya nayajua hata nikiamshwa usingizini. Tatizo ni tahajia. Jaribio lililopita nilipata 58. Niliandika "kapirali" mara sita, na mwalimu hukata nusu alama kila kosa. Mtihani ni Ijumaa. Chini ya 60, sichukuliwi mchepuo wa sayansi. Basi uuguzi kwaheri.

Jumanne, 3 Juni
Nimebuni dawa: lala kwanza, rudi baadaye. L, halafu r. Nikajiona profesa. Jioni nikajisikia nikisema "rara, ludi". Nimecheka mpaka nikapaliwa na chai. Halafu nikaogopa kwelikweli.

Jumatano, 4 Juni
Mama alikuwa anakanda unga wa mandazi anayouza hapa mtaani kwetu Niboye. Mishipa ya mkono imemtoka. Nikabana vena moja kwa kidole, kwa kidole kingine nikasukuma damu kuelekea kwenye kiwiko. Mshipa ukalala bapa. Damu haikurudi! Valvu zimefunga, kama kitabu kilivyosema. Nikapiga kelele.

"Wewe Claudine, mkono yangu si kitabu, iko na kazi."

Lakini akanipa mkono wa pili. Nikamfundisha: ateri hutoa damu moyoni, ukuta wake mnene, vena huirudisha, katikati ni zile nyembamba, jina lake silitamki. Akanyunyiza unga mezani, akaniambia niliandike hapo kwa kidole. Mara ishirini, akifuta kila mara. Mkono umeelewa. Ulimi bado.

Alhamisi, 5 Juni
Mtihani ni kesho. Sijala kitu.
Uongo. Mandazi manne.

Ijumaa, 6 Juni
Swali la nne: linganisha aina tatu za mishipa ya damu. Jasho. Kila nilipofika kwenye neno lile niliandika kwanza kwa kidole juu ya dawati, ndipo kwa kalamu. Msimamizi akaja kuchungulia kama naibia. Nimemaliza wa mwisho.

Jumatano, 11 Juni
Nimepata 66. Sikukatwa hata nusu.

Orodha ya mchepuo wa sayansi imebandikwa mlangoni. Nambari tisa: Craudine. Kwa r. Nilisimama pale muda mrefu. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, ningeweza kuomba warekebishe. Sikuomba. Niliogopa wakigusa jina watalifuta.

Nimemwambia mama. Ameniuliza wauguzi huvaa viatu vya rangi gani.