Sugu za Kooni

Kawangware, upande wa Kongo, Nairobi

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta umekaa mlangoni, kiondo chako mapajani, na lile goti limetulia. Je, mvua imenyesha au mawingu yanawatania tu? Ndengu zimechanua? Na yule mbuzi mweupe aliyekuwa akikohoa, alipona au mlimla? Huku sisi ni wazima. Mkweo Mutua anaenda kazini kila siku, mjukuu wako Kioko anakula kama anayelipwa, na mimi mwili wangu hauna neno, isipokuwa mahali pamoja tu, na hapo ndipo ilipo sababu ya kukuandikia.

Najua utauliza, simu zipo, barua ya nini? Mwaitu, nimekatazwa kusema. Sijarogwa, kama mama mkubwa Kalekye alivyokwambia, wala sijawa bubu. Ni amri ya daktari. Kwa hiyo Musyoka anakuja na barua hii, na Mwende atakusomea. Mwende, soma polepole, usiruke mahali, na usitie chumvi yako. Leo pumzi ni yako na ulimi ni wako, lakini maneno ni ya dada yako.

Unaijua kazi yangu hapa sokoni. Nguo za watoto haziuziki kwa kunyamaza. Kila mtu ana meza, kila mtu ana mtumba, na anayeuza ni mwenye koo. Nami Mungu hakuninyima koo, hilo unalijua tangu nikiwa mchanga. Baridi ilipoingia nilifungua mzigo mkubwa wa sweta, nikawa napanda juu ya meza asubuhi na kuita wateja mpaka jioni, vumbi lote la barabara likiniingia mdomoni. Sauti ikaanza kukwaruza. Nikatafuna tangawizi, nikanywa limau na chumvi, nikameza yai bichi kwa ushauri wa muuza chapati. Ikazidi kukwaruza.

Nikapeleka shida yangu kwenye maombi ya katikati ya wiki, kule Riruta. Akina mama wakanizunguka, wakaniwekea mikono, na aliyekuwa akiongoza akasema imani hainong'oni, nipaze sauti niipokee sauti yangu. Mwaitu, nilipiga haleluya moja ambayo nadhani mliisikia huko. Nikahisi kitu kama kitambaa kimechanika kooni. Haleluya ya pili haikutoka. Siwalaumu, waliniombea kwa upendo, na mimi mwenyewe sijawahi kuambiwa nipige kelele nikakataa.

Baada ya hapo nikajifanya mwerevu, nikasema sasa nitaipumzisha sauti. Nikawa nanong'ona tu. Niliwanong'oneza wateja, nikamnong'oneza Mutua, nikamgombeza Kioko kwa kunong'ona. Ndipo ile Jumapili nikakupigia simu, nikakwambia, "Mwaitu, ni Ndinda," nawe ukasema matapeli wa siku hizi hawana haya, ukakata. Mutua alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi nilitoka nje nikalia, na hata kilio hakikuwa na sauti. Niliogopa, sikufichi. Niliona meza yangu ikichukuliwa na mwingine, na wewe ukiisahau sauti yangu.

Mwishowe nikaenda hospitalini. Daktari wa koo ni dada mdogo tu, mpole, lakini mikono yake haina mzaha. Alinipitishia puani waya mwembamba wenye kamera, nikayaona ya ndani yangu kwenye skrini. Kumbe sauti haitoki tumboni kama tulivyokuwa tukidhani. Ndani ya koo mna mikunjo miwili midogo, myeupe. Nikivuta pumzi inaachana, nikitaka kusema inakutana, na upepo wa mapafu ukipita katikati inatetemeka. Alichukua mkono wangu akauweka shingoni mwake, akasema "sss," pakawa kimya, kisha akasema "zzz," nikahisi mtetemo kwenye vidole. Mtetemo ule, alisema, bado si neno. Ni ulimi, meno, midomo na pua vinavyoufinyanga mpaka uwe "baba" au "ndengu."

Sasa kwenye mikunjo yangu palikuwa na vinundu viwili, kila upande kimoja, vimetazamana. Alisema ni sugu. Zile zile, Mwaitu, ulizo nazo viganjani kwa sababu ya jembe. Wewe umelima kwa mikono, mimi nimelima kwa koo. Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba mbona nimekuwa nikinong'ona ili nipumzike.

"Nani alikudanganya kunong'ona ni kupumzika?" akasema. "Hapo ndio ulikuwa unaimaliza sauti. Nyamaza kabisa. Hizi sugu zikiisha zenyewe, sawa. Zikikataa itabidi tuzitoe, na sauti ikirudi inaweza kuwa si ile yako."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Nikanyamaza, mimi Ndinda. Mutua anasema nyumba imekuwa na amani mpaka anashuku amekosea mlango. Kioko amejifunza kunisoma usoni, na jicho langu sasa linachapa kuliko kiboko. Cha ajabu, nimeanza kuupenda utulivu huu. Nakaa nyuma ya meza yangu natazama midomo ya watu. Nawaona wanavyoifunga kwa "mama," ulimi unavyogusa nyuma ya meno kwa "dada," na "kaka" inavyojificha kule nyuma nisikoweza kuona. Tunafanya kazi kubwa hivi siku nzima na hakuna anayechoka isipokuwa mimi.

Meza haikuchukuliwa. Jirani yangu Achieng, muuza viatu, mtu wa kule ziwani, alinifunika mdomo kwa kiganja siku ile ya kwanza nilipotaka kumjibu mteja. "Wewe tulia, Mama Kioko," akasema. "Mimi nitaita ya viatu, nitaita na ya nguo. Mdomo ni mmoja na haujai." Anaita "sati" na "sweta" mpaka jioni. Zamani ningemcheka kwa hiyo "sati" badala ya "shati," naye angenicheka kwa Kikamba changu, lakini sasa najua ulimi wa kila mtu unarudi kulala ulikozoea. Simcheki tena, au tuseme nacheka bila sauti. Kila mchana namnunulia maji, nisije nikampa sugu zangu.

Jana nilirudi kwa daktari. Sugu zimepungua, Mwaitu. Nimeziona mwenyewe, zimebaki vidoa tu. Kwa hiyo usinitumie nauli ya kuja kunywa dawa za mizizi, nitakuja wakati wa mavuno na mdomo wangu mzima.

Nisalimie mama mkubwa Kalekye, mwimbishaji wa kwaya, umwambie anywe maji na aache kukemea sauti ya pili. Nisalimie mjomba Kilonzo, mlinzi wa shule, na shemeji yangu fundi wa paa. Mwende, sweta ya kijani aliyobeba Musyoka ni yako, ujira wa kusoma.

Limebaki moja. Daktari amenipa ruhusa ya sauti moja tu kwa sasa. Midomo nifunge, pumzi ipite puani, nivume "mmm" taratibu. Nilipoivuma mara ya kwanza nilishtuka, kwa sababu naijua. Ni ile uliyokuwa ukivuma ukiwa umenibeba mgongoni kwenda mtoni, sikio langu limelalia mbavu zako. Niliihisi kabla sijajua kusikia maneno.

Jumapili baada ya kanisa simu yako italia. Sitasema jina langu, bado sijaruhusiwa. Utasikia "mmm" tu. Tafadhali Mwaitu, usikate.

Ni mimi mwanao,
Ndinda