Daraja Lililoanguka Tupu

Mjukuu wangu Biira,

Huku Bwera sote wazima, na bibi yako amemaliza kuvuna kahawa. Unauliza kwa nini magazeti hutukumbuka wakati wa vifo tu.

Nikiwa mwandishi kijana, niliona daraja la kwenda Kinyamaseke limepasuka nguzo, na kesho yake ilikuwa siku ya soko. Nikampigia simu mhariri Kampala.

"Wamekufa wangapi?"

"Bado hakuna."

"Basi ngoja."

Hajji Musa, dereva wa lori aliyekuwa akinisikiliza, akacheka. "Atangoja yeye! Wewe iko na maneno, mimi iko na spika. Panda!"

Tulitangaza kila kijiji watu wasivuke, mpaka sauti zikakauka. Asubuhi daraja likaanguka, halina mtu juu yake!

Gazeti halikuandika neno. Biira, sijapata tena habari tamu kama ile.

Babu yako