Viatu Alivyofunga Nelson

Eunike mwanangu,

Pole na zamu. Chai iko kwenye chupa. Maharage nimeyaloweka, yabandike, na usiyaunguze kama juzi.

Nimekwenda kanisani kutoa shukrani, maana leo natimiza miezi mitatu tangu nipasuliwe mgongo. Mkungu wa ndizi ~~nimebeba mwenyewe~~ kaubeba mumeo. Usinune, daktari alikataza na mimi nimesikia.

Ila asubuhi nilishindwa kuinama kufunga viatu, na Nelson akaniona. Unajua kwetu Meru mkwe hamgusi mama mkwe wake. Nikamwambia aniache, nitavaa ndala. Akapiga magoti, akafunga kamba zote mbili, macho chini. Mimi nikaukodolea macho ukuta kama mtoto anayechomwa sindano.

Ndiye aliyening'ang'aniza niende kwa yule daktari bingwa wa mgongo, mimi nikisema ni uzee tu. Nikamwita mbishi. Asante sijawahi kumpa, na leo tena sikuitoa.

Kwa hiyo nikirudi usiniwahi miguuni. Viatu atanivua yeye, na safari hii nitamtazama usoni.

Mama yako, aliyenyooka