Hilo la Kuunguza

5 Machi

Mdogo wangu Kidoti,

Hujambo? Shemeji hajambo? Na kazi ya hoteli unaionaje? Huku mwili mzima, roho ndiyo haijatulia.

Nimeshtakiwa. Kijana alikuja saluni nikiwa nasuka, akaniuliza jina, akaniachia bahasha ya mahakama. Ni yule bibi harusi uliyempaka dawa ya nywele kabla hujaolewa na kuhama. Anadai ilimchoma kichwa, nywele zikanyofoka. Nilidhani nitafungwa. Kila pikipiki ikisimama nje, nachungulia dirishani.

Nilitaka kumpigia nimwombe radhi, shangazi akaninyang'anya simu. "Utasema nini? Anza kwa wakili!" Wakili kanituliza: hii ni kesi ya madai, si ya jinai, hakuna pingu. Ila nikikaa kimya mpaka muda wa kujibu upite, hakimu anaweza kumpa ushindi bila kunisikia. Kanikataza pia kubishana na yule binti au kutupa chochote. Kopo la dawa nimelifungia kabatini.

Sasa wakili anauliza nani alikuwepo siku hiyo. Mimi nilikuwa sokoni. Niambie ilikuwaje.

Dada yako


19 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Pole sana. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, chai ikafurika bila mimi kujua.

Nilimuuliza kama ana vidonda kichwani, akasema hana. Muda niliupima kama ulivyonifundisha. Lakini dada, katikati alisema, "Inaunguza." Nikamwambia, "Vumilia kidogo, bibi harusi." Tukacheka. Akaita tena. Nilikuwa namwosha mteja mwingine, nikajifanya sijasikia.

Nifanyeje?

Mdogo wako


2 Aprili

Kidoti,

Natumai mko salama. Majibu yameshafika mahakamani, hatukuchelewa. Siku ya kusikilizwa ikipangwa nitakutumia nauli.

Njoo useme ulimuuliza vidonda na muda uliupima. Basi. Hilo la kuunguza liache hukohuko. Hata wakili sijamwambia. Si kusema uongo, ni kunyamaza tu. Nilianza na kiti kimoja cha plastiki barazani, unajua, na saluni hiyohiyo ndiyo iliyokusomesha.

Nakutegemea.

Dada yako


20 Juni

Dada,

Shikamoo. Afya yako? Miguu bado inavimba? Hii ni barua ya tatu tangu siku ile ya mahakamani na hujajibu hata moja.

Sikuja kukuangusha. Nilipokula kiapo, maneno yako yalikuwa mdomoni mwangu, nimeyakariri njia nzima. Ndipo wakili wa yule bibi harusi akauliza, "Alilalamika?" Nikakutazama, ukageukia dirisha. Nikasema ndiyo, mara mbili, na mara ya pili sikumjibu.

Nilikufuata nje. Ulishaondoka.

Nitukane basi, dada, lakini niandikie.

Mdogo wako


8 Agosti

Kidoti,

Mimi mzima. Miguu inaendelea vizuri.

Barua zako zote nimezisoma. Nilikuwa na hasira hata shangazi akawa anaogopa kutaja jina lako mezani. Tumeshindwa kesi. Vikaushio viwili vya nywele nimeviuza, fidia iliyobaki nitalipa kidogokidogo.

Wakili alinigombeza kweli. "Mama, ungeniambia mapema tungekaa nao tukaelewana. Ulimficha nani, mimi au hakimu?"

Kuna jambo hukuliona, maana ulikuwa umeinamisha kichwa. Ulipojibu lile swali, yule binti alianza kulia, akamshika mama yake: "Si niliwaambia niliita?" Kumbe hata kwao walidhani anatunga. Nimeishi na sauti yake tangu siku hiyo, na usingizi sina.

Sitaki kukudanganya, bado naumia. Nawe usiniombe radhi tena kwa barua. Njoo. Ukinikuta na mteja, keti usubiri. Sijui nitakuambia nini, lakini nikimaliza nitakuja kukaa karibu nawe.

Dada yako