Kwa Baba Neema, Aliyekubali Kila Kitu

Baba Neema,

Nilianza kwa kuandika "mpendwa", nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Basi tuliache. Neema hajambo. Amekuwa mrefu na ana ubishi wako, ule wa zamani.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia hadharani wakati namba yangu unayo. Wewe sasa umekaa upande wa wanaotoa misaada, mimi huku serikalini upande wa wanaopokea, na katikati yetu kuna mkataba. Nikikupigia simu faraghani, kesho wenzangu hapa Dodoma watauliza mimi na mtalaka wangu tunapanga nini. Na mimi ningekuwa wao ningeuliza hivyo hivyo, tena mapema zaidi. Kwa hiyo wacha kila mtu asome.

Unakumbuka ile siku nje ya Katoro? Tulikuwa wachumi wachanga, tumebeba makaratasi ya watu wengine, na yule mtaalamu mgeni alikuwa anawaeleza akina mama wa machimboni jinsi atakavyowagawia kuku wa kisasa. Wote walikuwa wanapiga makofi. Wewe ukasimama. Ukamuuliza kuku hao watakula nini, chakula chao kitatoka wapi, na mradi ukifungwa nani atalipa chanjo. Alijibu, ukauliza tena. Mlibishana mpaka akapanda gari lake akaondoka, akatuacha pale pale tumesimama na mabegi yetu.

Tulirudi mjini kwa bodaboda moja, mshikaki, dereva mbele, mimi katikati, wewe nyuma yangu. Vumbi lilitujaa mpaka kwenye meno. Njia nzima ulikuwa bado unamjibu yule mzungu sikioni mwangu kana kwamba mimi ndiye niliyeleta kuku. Nilikupenda siku ile, nasema wazi. Nilifikiri mtu anayebishana hivi kwa ajili ya kuku wa watu hawezi kuondoka kirahisi mahali popote.

Halafu ikaja siku ya mahari, nyumbani kwetu Kambarage. Wajomba zako walifika asubuhi, na hadi jua linageuka walikuwa bado wanavutana na baba zangu kuhusu ng'ombe. Kulikuwa na mmoja aliyevunjika pembe. Kwa huyo peke yake walibishana mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mimi nilikuwa jikoni, nikisubiri kusikia viti vinasukumwa na watu wanaaga. Shangazi akanikemea. "Tulia wewe. Hao wanakutaka. Wangekubali asubuhi ile ile ndipo ningekuwa na wasiwasi."

Nilicheka, nikaona ni maneno ya kunituliza tu. Sikuyafikiria tena mpaka tulipoachana.

Siku ile sebuleni kwetu Nyahanga nilikuja nimejiandaa kama ninavyojiandaa kwa kikao cha wafadhili. Nilitaka nyumba, nilitaka Neema akae nami, nilitaka hata friji lile bovu, si kwa sababu lina kazi bali ili nawe upate kitu cha kunikatalia. Ulikaa ukingoni mwa kochi, hukuvua hata koti. Ukasema, "Sawa, Mama Neema. Chukua tu." Kila nilichotaja, sawa. Ndugu zangu wakanipongeza kwamba nimebahatika kuachwa na muungwana. Baadaye ndipo nikajua kwamba kazi ya huko Ulaya ulikuwa umeshaipata, viza imeshatoka, na masanduku yako yalikuwa kwa rafiki yako yanakungoja. Ulikuwa unagawa vitu vya nyumba ambayo ulikwisha kuhama.

Iliniuma, na bado inaniuma. Ungenigombania hata lile friji ningejua kwamba kuna sehemu yako iliyobaki mle ndani.

Sasa tuje kwenye maji.

Shirika lenu linataka kuchimba visima virefu na kutandaza mabomba katika vijiji vile vya Geita ambavyo maji yake yameharibiwa na zebaki ya mialo ya kuchenjulia dhahabu. Kijiji cha mama yako kimo. Mradi mzuri, sina neno. Tulipoandika masharti yetu tuliyatia chumvi, kama tunavyofanya siku zote, ili mkipunguza tubaki na kile tunachokihitaji. Mabomba yanunuliwe hapa hapa nchini. Makandarasi wawe wa hapa. Fedha zije mapema. Unajua vizuri jinsi vikao hivi vinavyokuwa. Neno moja kuhusu mabomba linaweza kuwakalisha watu wazima mezani mpaka waanze kununiana.

Safari hii jibu lenu lilikuja kabla hatujamaliza chakula cha mchana, chini yake jina lako. Mmekubali yote. Mkurugenzi wangu alifurahi, akaniambia, "Mama Neema, hawa wamekuja na roho safi." Mimi nikaacha kula.

Wenzangu wanaoona nimezidi wivu au nimezidi shule, nawaeleza hapa. Mkataba ukisainiwa, vijiji vile vinahesabika kuwa vina mfadhili. Fungu dogo ambalo wilaya ilikuwa imevitengea kwa ajili ya visima vyake yenyewe litahamishiwa kwingine, na huko watu nao wana kiu, hawatalirudisha. Mfadhili akisaini leo na mwakani akafunga ofisi, kama tunavyoona wengi siku hizi wakifungasha, vijiji vinabaki bila mfadhili na bila wilaya. Mtu anayejua ataondoka hana sababu ya kubishana kuhusu mabomba. Si yeye atakayeyatandaza.

Nilikwenda kumwona mama yako kabla sijaandika maoni yangu. Nilimkuta anampokea kijana wa bodaboda madumu ya maji ya kununua, kwa sababu ya kisimani siku hizi anafulia tu, na hata kufulia anasita. Nikapiga goti, shikamoo Mama. "Marahaba, Mama Neema. Wabeja, asante kwa kuja." Akanikalisha, akanitazama kama anavyonitazama tangu nilipoolewa, ule mtazamo wa kutafuta nilichoficha.

"Haya maji wanayosema ni ya mwanangu?"

"Ni ya shirika lake, Mama."

"Si hayo hayo. Majirani nimeshawaambia." Akapanga madumu yake ukutani, akarudi. "Sasa atakuja mwenyewe kuyafungua?"

Nikamwambia sijui.

"Mambo yote ya serikali unayajua," akasema, "hili moja ndilo hulijui."

Angetaka kujua riba au bei ya dhahabu ningemjibu.

Nami najishuku mwenyewe, usidhani sijishuku. Huenda ninayeona hatari hapa si mchumi, ni mwanamke aliyeachwa sebuleni Nyahanga, na ninawanyima maji watu wenye kiu kwa sababu ya koti ambalo hukulivua. Nimejiuliza hili mara nyingi na jibu halitulii. Huenda shirika lenu kweli limebadilika, na wewe umewapigania watu wa kwenu chumbani kwenu huko, kimya kimya, tusikokuona. Kama ni hivyo nitakuomba radhi hadharani kama ninavyokutuhumu hadharani.

Lakini sitakisia tena. Asubuhi hii nimemwomba mkurugenzi asiruhusu fungu la wilaya liguswe mpaka jibu lenu la mwisho lifike. Na kwenye masharti yetu nimeongeza moja. Nimetaka shirika lenu lilipe mafundi na vipuri vya visima vyote hivyo, bila kikomo, yaani mpaka Neema aje kuwa bibi. Ni sharti la ovyo. Hakuna mfadhili mwenye akili anayepanga kubaki atakayelikubali. Mkurugenzi aliposoma aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia tuwapelekee, tuone.

Kwa hiyo barua yetu itakufikia, na safari hii nakuomba kitu ambacho siku ile nilishindwa kukuomba. Usiandike sawa. Kasirika. Niite mwanamke mgumu, sema nimelewa madaraka, futa nusu ya nilichoandika na unirudishie kimejaa wino mwekundu, nami nitafuta nusu ya chako, tuvutane mpaka watu wachoke na sisi. Nitasaini siku hiyo hiyo kwa mikono miwili, na kwa mama yako nitakwenda mwenyewe kumwambia unakuja.

Nikatalie, Baba Neema. Tafadhali nikatalie.

Ni mimi,
Mama Neema