Debian au Ubuntu: Kwa Hadija Aliyechekwa

Mjukuu wangu Hadija,

Hapa Nyakabanda tuko wazima, na mama yako amepona mafua.

Umeniandikia kwamba wenzako wa chuo walikucheka ulipowauliza uweke mfumo gani kwenye kompyuta yako, Debian au Ubuntu, maana mifumo hiyo inafanana kama ndugu. Nimekasirika kweli. Nilipoanza ushonaji Kimisagara, mafundi walinisifia cherehani moja, nikainunua. Uzi ukawa unakatika, nikawauliza kwa nini.

"Kama hujui, rudi jikoni," wakanijibu wakicheka.

Jirani yangu Zaituni, mwenye cherehani ya aina nyingine iliyofanana na yangu, aliacha kazi yake akanielekeza. Nikauza yangu, nikanunua kama yake, ili nikikwama niwe na wa kumuuliza.

Waulize watumiaji wa mifumo yote miwili. Watakaokujibu kwa heshima, chukua mfumo wanaoutumia wao. Hao waliokucheka, waulize kama walizaliwa wakijua.

Bibi yako Mariamu, fundi mpaka leo